Si Wingi wa Kioo, Bali Umbo Lake

Katika lugha ya sokoni, kitu kinachotiwa ndani ya kingine ili kuongeza wingi wake huhesabiwa kuwa ni ghushi. Maziwa yaliyotiwa maji ni maziwa yaliyoharibiwa, na asali iliyotiwa sukari si asali tena. Kwa hiyo haishangazi kwamba mtu anaposikia kuwa plastiki ya kiwandani imetiwa kijazo, fikira yake ya kwanza huwa ni kwamba mnunuzi amepunjwa. Na akiambiwa kuwa kijazo chenyewe ni kioo, kitu ambacho kila mtu amekiona kikipasuka kwa kuanguka sakafuni, shaka yake huzidi.

Shaka hiyo imekosea kwa upande mmoja na ina haki kwa upande wa pili. Imekosea kwa sababu kioo kinachotiwa kwa elimu huiwezesha plastiki kufanya kazi ambayo peke yake isingeiweza. Ina haki kwa sababu iko namna ya kutia kioo inayoongeza uzito bila kuongeza nguvu, na hati ya bidhaa inaweza kusema kweli kuhusu kiasi cha kioo hicho na bado kumpotosha msomaji. Tofauti baina ya hali hizo mbili imo katika umbo la kioo: kama ni nyuzi, kama ni shanga, au kama ni nyuzi na shanga kwa pamoja. Jambo hili la tatu, yaani mchanganyiko, ndilo lenye mafunzo mengi zaidi, na ni jambo linalostahili kupewa nafasi katika masomo ya sayansi ya shule za sekondari.

Kwa nini uzi wa kioo una nguvu

Kioo cha dirisha huvunjika upesi kwa sababu uso wake una nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kinapovutwa, mkazo hukusanyika kwenye ncha za nyufa hizo, na ufa mmoja ukishaanza kufunguka hakuna cha kuuzuia. Jambo hili lilielezwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na A. A. Griffith, mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough. Griffith alitengeneza nyuzi za kioo, akazivuta mpaka zikakatika, akaona kwamba kadiri uzi ulivyokuwa mwembamba ndivyo nguvu yake kwa kila kipimo cha eneo ilivyozidi. Kioo kinene alichokipima kilikatika kwa mkazo wa megapaskali 170 hivi. Uzi wake mwembamba kuliko yote, wenye kipenyo cha maikroni 3 na kidogo, ulistahimili kiasi cha megapaskali 3,400, yaani mara 20. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Katika uzi mwembamba hivyo hamna nafasi ya ufa mkubwa.

Utengenezaji wa nyuzi za kioo kwa wingi ulistawi nchini Marekani katika miaka ya 1930, na mwaka 1938 kampuni mbili, Owens-Illinois na Corning Glass Works, ziliunda kwa ubia kampuni ya Owens-Corning Fiberglas. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1935, Wallace Carothers na wenzake wa kampuni ya DuPont walitengeneza nailoni. Nyuzi za kioo na nailoni zilikuja kuoana baadaye, na ndoa hiyo imedumu hadi leo katika vifuniko vya injini, vishikio vya mashine, visanduku vya swichi za umeme na vipande vingine vingi.

Nyuzi zinazotumika katika kazi hiyo aghalabu huwa na kipenyo cha maikroni 10 hivi. Hukatwa vipande vya urefu wa milimita 3 au 4, kisha hukorogwa pamoja na nailoni iliyoyeyuka. Nailoni ni laini kuliko kioo: ukakamavu wake ukiwa kavu ni gigapaskali 3 hivi, hali ule wa kioo ni kiasi cha gigapaskali 72. Mzigo unapovuta kipande, nailoni hutaka kurefuka zaidi ya uzi, na uzi huikataa. Kwa njia ya kushikamana kwao, mzigo huhama kidogo kidogo kutoka katika nailoni na kuingia katika uzi, kuanzia kwenye ncha zake mbili kuelekea katikati.

Hapo ndipo urefu unapokuwa na maana. Uzi ukiwa mfupi mno, mzigo haupati masafa ya kutosha kuingia. A. Kelly na W. R. Tyson walilieleza jambo hili mwaka 1965 kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifuata. Urefu wa chini unaohitajika ni nguvu ya uzi mara kipenyo chake, kugawanya kwa mara mbili ya nguvu ya kushikamana. Iwapo uzi una nguvu ya megapaskali 2,000 na kipenyo cha maikroni 10, na nguvu ya kushikamana ni megapaskali 40, jibu ni maikroni 250, yaani robo ya milimita. Uzi mrefu kuliko huo unaweza kubebeshwa mzigo mpaka ukakatika. Uzi mfupi kuliko huo huchomoka kabla ya kutumia nguvu zake zote.

Kushikamana huko hakuji kwenyewe. Kiwandani nyuzi hupakwa dawa ya jamii ya silani, ambayo kwa upande mmoja hujifunga na kioo na kwa upande wa pili hujifunga na plastiki. Pasipo dawa hiyo, uzi ulio bora kabisa utakuwa kama msumari uliopigiliwa katika mchanga.

Ushanga usio na tundu

Kijazo cha pili ni shanga. Jina hili lisimdanganye msomaji: shanga za kiwandani hazina tundu, na ni ndogo kiasi cha kuonekana kama unga mweupe. Nyingi zina kipenyo kati ya maikroni chache na maikroni 50. Aghalabu hutengenezwa kwa kioo cha jamii ya chupa na madirisha. Ziko pia shanga zenye uwazi ndani, ambazo kazi yake ni kupunguza uzito. Hizo ni habari nyingine.

Tufauti ya umbo huonekana vizuri kwa hesabu. Chukua uzi mmoja wenye kipenyo cha maikroni 10 na urefu wa maikroni 250. Kioo chake chote kikiyeyushwa na kufanywa tufe, tufe hilo litakuwa na kipenyo cha maikroni 33 na nusu hivi. Kioo ni kile kile, na ujazo ni ule ule. Lakini uzi ulikuwa ukifika umbali wa maikroni 250, na ushanga unafika 33 tu. Uzi ulikuwa na eneo la uso la maikroni za mraba zipatazo 8,000. Ushanga una 3,500 hivi. Hakuna umbo lenye uso mdogo kuliko tufe kwa ujazo uliotolewa. Ushanga, basi, hauna mahali pa kupokelea mzigo mkubwa wala urefu wa kuupeleka mbali.

Hata hivyo ushanga una jambo ambalo uzi hauna: haujui mbele wala nyuma. Uzungushwe vyovyote, ni ule ule. Plastiki inapotiririka ndani ya kalibu, nyuzi hujipanga kama magogo mtoni, hali shanga hubingirika bila kuchagua upande. Umbo hilo pia hufanya mchanganyiko utiririke kwa urahisi zaidi kuliko ule wa nyuzi wenye kioo cha kiasi kile kile.

Ukakamavu unaoletwa na shanga waweza kukadiriwa kwa kanuni iliyotokana na kazi ya Albert Einstein. Katika makala ya mwaka 1906, aliyoisahihisha mwaka 1911, Einstein alionyesha kuwa matufe madogo yaliyotawanyika katika maji huongeza unato wake kwa mara mbili na nusu ya sehemu ya ujazo inayoshikwa na matufe hayo. Kanuni hiyo ilikuja kutumika pia, kwa makadirio, katika vitu vigumu. Asilimia 30 ya kioo kwa uzito, ndani ya nailoni, ni asilimia 16 tu kwa ujazo, kwa sababu kioo ni kizito: densiti yake ni 2.5 hivi, na ya nailoni ni 1.14. Mara mbili na nusu ya 0.16 ni 0.4. Kwa hiyo ukakamavu wa nailoni utapanda kutoka gigapaskali 3 hadi 4.2 hivi, na vipimo vya kiwandani huwa karibu na hapo au juu yake kidogo.

Hiyo ni faida, lakini ni faida ndogo. Kwa upande wa nguvu ya kuvutwa shanga hazileti faida hata hiyo. Nailoni tupu iliyo kavu huhimili megapaskali 80 hivi. Ikitiwa shanga kwa asilimia 30 hubaki hapo hapo au hushuka kidogo. Ikitiwa nyuzi kwa asilimia ile ile, nguvu hupanda hadi megapaskali 180 hivi, na ukakamavu hukaribia gigapaskali 10.

Ubaya wa kilicho na nguvu

Kwa kusikia tarakimu hizi, mtu anaweza kukata shauri upesi: shanga zitupwe, nyuzi zitumike. Mafundi wengi walifikia uamuzi huo, na kalibu zao zikawajibu.

Plastiki iliyoyeyuka ikiingia katika kalibu ina joto la nyuzijoto 280 hivi. Inapopoa husinyaa, na nailoni husinyaa sana, kwa kuwa sehemu ya molekuli zake hujipanga katika fuwele zinazochukua nafasi ndogo. Kioo nacho hakisinyai ila kidogo mno. Nyuzi zilizojipanga kwa kufuata mkondo huizuia nailoni isisinyae upande huo, lakini upande wa kukingamana na mkondo haziwezi kuizuia kwa kiasi hicho. Matokeo yake ni kipande kinachosinyaa kidogo kwa urefu na sana kwa upana.

Mfano wa hesabu utalidhihirisha jambo hili. Kifuniko bapa cha mraba chenye upande wa milimita 200 kimetengenezwa kwa nailoni yenye nyuzi kwa asilimia 30. Kusinyaa kufuata mkondo kukiwa asilimia 0.4, kifuniko kitapungua milimita 0.8. Kusinyaa kukingama mkondo kukiwa asilimia 1.0, kitapungua milimita 2. Tofauti ni milimita 1.2, na tofauti hiyo haiishii katika vipimo vya urefu na upana. Nyuzi hazijipangi kwa namna moja kila mahali. Karibu na kuta za kalibu hufuata mkondo, na katikati ya unene nyingi hulala kukingama. Kwa hiyo sehemu moja ya kifuniko huvutana na nyingine, na kifuniko kilichotakiwa kiwe bapa hutoka kimebetuka kama kigae cha chungu.

Kifuniko hicho kina nguvu. Kikiwekwa katika mashine ya kuvutia kitashinda shindano. Lakini kikiwekwa juu ya kisanduku cha swichi ya umeme kitaacha mwanya pembeni, na katika mwanya huo yatapita maji ya mvua, vumbi na wadudu. Fundi atakaza parafujo zaidi ili kuubana, na kila parafujo atakayoikaza itaacha mkazo wa kudumu ndani ya plastiki, ambao siku moja utakuwa ufa. Hapa nguvu iliyopimwa maabara haikumfaa yule atakayefungua swichi hiyo wakati wa masika.

Nyuzi na shanga kwa pamoja

Wenye viwanda waliona kuwa si lazima kuchagua kijazo kimoja na kukiacha kingine. Sehemu ya nyuzi huondolewa na shanga hutiwa mahali pake. Mchanganyiko mmoja unaouzwa tangu zamani una nyuzi kwa asilimia 10 na shanga kwa asilimia 20. Mwingine una nyuzi kwa asilimia 15 na shanga kwa asilimia 25. Jumla ya kioo katika ule wa kwanza ni asilimia 30, sawasawa na katika mifano iliyotangulia.

Kwa makadirio, sifa za mchanganyiko huo hufuata kanuni nyepesi ya uwiano. Theluthi moja ya kioo ni nyuzi, theluthi mbili ni shanga. Nguvu itakuwa theluthi moja ya safari kutoka megapaskali 80 kwenda 180, yaani kiasi cha 110. Ukakamavu utakuwa gigapaskali 6 hivi. Na kusinyaa? Katika kifuniko kile cha mfano, kusinyaa kufuata mkondo kwaweza kuwa asilimia 0.7 na kukingama mkondo asilimia 1.0. Tofauti ya milimita 1.2 imeshuka hadi milimita 0.6. Tarakimu hizi hubadilika kwa unene wa kipande na mahali plastiki inapoingilia katika kalibu, lakini mwelekeo wake haubadiliki: nguvu kiasi imetolewa, na unyoofu umepatikana.

Wajenzi hawatauona ushirika huu kuwa mgeni. Zege lina kokoto na lina nondo. Kokoto hazina upande; hujaza nafasi, hukakamaza na hupunguza kusinyaa kwa saruji. Nondo zina upande, na hulazwa pale ambapo mvuto unatazamiwa. Hakuna mjenzi anayesema kwamba kokoto ni ghushi, wala hakuna anayejaribu kumimina boriti ndefu kwa kokoto peke yake. Mfinyanzi naye hutia mchanga au vigae vilivyopondwa katika udongo wake ili chungu kisipasuke kinapokauka, na mjenzi wa nyumba ya udongo hutia majani makavu ili ukuta ushikamane. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Hoja za wasiokubali

Ziko hoja tatu zinazotolewa dhidi ya mchanganyiko, na inafaa zisikilizwe.

Ya kwanza ni kwamba mchanganyiko ni kitu cha katikati, kisicho na nguvu kama nyuzi wala unyoofu kama shanga. Hilo ni kweli, na kwa baadhi ya vipande ndilo la kuzingatia. Kishikio kinachobeba injini kifanywe kwa nyuzi, kwa kuwa kupinda kidogo si hasara kubwa kuliko kukatika. Kipande kidogo kinachotakiwa kiwe na vipimo halisi pande zote, wala hakibebi mzigo, chaweza kufanywa kwa shanga tupu. Mchanganyiko ni wa vipande vilivyo vipana, bapa, vyenye mzigo wa kiasi: vifuniko, visanduku, fremu za vyombo. Na vipande vya namna hiyo ni vingi.

Hoja ya pili ni kwamba unyoofu waweza kupatikana kwa kubadili kalibu: kuhamisha mlango wa kuingilia plastiki, kuongeza mbavu chini ya kifuniko, au kuikata kalibu ikiwa imepinda kinyume ili kipande kipinde na kuwa sawa. Njia hizi zinatumika, na fundi mwema huzijaribu. Lakini kalibu ni chombo cha feleji chenye gharama kubwa, na kila badiliko lake ni la kukisia mpaka lijaribiwe. Kubadili mchanganyiko wa kijazo ni jambo jepesi zaidi, ingawa nalo hudai kalibu ipimwe upya, kwa vile kusinyaa kumebadilika.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito: kwamba shanga zimefungua mlango wa udanganyifu. Muuzaji anaweza kuondoa nyuzi, akatia shanga, na kuendelea kuandika “kioo asilimia 30” bila kusema uongo. Hoja hii haijibiwi kwa kuzikataza shanga. Hujibiwa kwa kudai kwamba umbo la kioo liandikwe.

Kweli isiyotosha

Yafaa msomaji afikirie jinsi bidhaa ya namna hii inavyokaguliwa. Njia ya kawaida ni kuchukua kipande kidogo, kukipima uzito, kukitia katika tanuri ya maabara yenye nyuzijoto 600 hivi mpaka plastiki yote iungue, kisha kupima kilichobaki. Gramu 10 zikibakisha gramu 3, kioo ni asilimia 30. Njia hii ni ya kuaminika, lakini ni kipofu wa umbo. Gramu 3 za nyuzi na gramu 3 za shanga ni gramu 3.

Kupima densiti nako hakusaidii. Densiti ya kioo cha nyuzi na ya kioo cha shanga zimekaribiana sana, na nailoni yenye asilimia 30 ya kimojawapo itatoa jibu la 1.36 au 1.37. Vipande viwili, basi, vinaweza kufanana kwa rangi, kwa uzito, kwa densiti na kwa majivu, na kimoja kikahimili megapaskali 180 na cha pili 80. Mkaguzi aliyeridhika na mizani peke yake atavipitisha vyote viwili.

Dawa yake ni nyepesi. Masalio ya tanuri yawekwe chini ya hadubini. Kwa ukuzaji wa mara 100, uzi wa maikroni 10 huonekana kuwa na unene wa milimita moja, na ushanga huonekana duara kamili. Hadubini ya namna hiyo si ya maabara kuu peke yake. Inapatikana katika shule nyingi zinazofundisha biolojia.

Lugha ya kuandikia nayo ipo. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, limeweka alama ambazo herufi yake ya kwanza huonyesha kitu na ya pili umbo: GF ni kioo katika nyuzi, GB ni kioo katika shanga. Kipande cha nailoni chenye nyuzi asilimia 30 huandikwa PA66-GF30, na cha mchanganyiko uliotajwa huandikwa PA66-(GB20+GF10). Herufi moja, F au B, hubeba habari ambayo neno “kioo” haliwezi kuibeba. Hati isiyo na herufi hiyo ihesabiwe kuwa haijakamilika, na mnunuzi awe na haki ya kuirudisha.

Hata alama hiyo ina mpaka wake. Parafujo ya mashine inayokoroga na kusukuma plastiki huvunjavunja nyuzi. Zile zilizoingia na urefu wa milimita 3 au 4 hutoka na robo ya milimita au zaidi kidogo. Plastiki hiyo ikisagwa na kuyeyushwa tena ili itumike mara ya pili, nyuzi huvunjika tena, na nyingi hushuka chini ya ule urefu wa maikroni 250 wa hesabu iliyotangulia. Shanga hazipati hasara hiyo, kwa kuwa hazina urefu wa kupoteza. Herufi GF itabaki, asilimia 30 itabaki, na nguvu itakuwa imepungua. Katika zama hizi ambapo kila nchi inahimizwa kuyeyusha upya plastiki zake badala ya kuzitupa, wenye viwanda hawana budi kujua kuwa urefu wa uzi ni sehemu ya umbo, na nao hupimwa kwa hadubini. Aidha wakumbuke kuwa tarakimu zilizotajwa hapa ni za nailoni kavu. Katika hewa yenye unyevu kama ya pwani nailoni hunywa maji na kulegea, na hesabu ya kazi halisi sharti izingatie hali hiyo.

Somo kwa madarasa

Katika masomo ya kemia mwanafunzi hufundishwa kuuliza kitu kimeundwa kwa nini. Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi kwa anayetaka kutengeneza kitu. Kioo cha nyuzi na kioo cha shanga, kwa macho ya mkemia, vinakaribia kuwa kitu kimoja; kwa macho ya fundi vimeachana mbali. Maswali mawili yaongezwe: kina umbo gani, na kimelala kwa kuelekea wapi. Hapo jiometri, fizikia na kemia hukutana, na mwanafunzi huona kwamba eneo la uso wa tufe si hesabu ya mtihani tu.

Hakuna haja ya kungojea mashine. Nyuzi za kioo na plastiki inayoungua si vitu vya kuchezewa darasani, kwani vumbi la kioo huwasha ngozi na moshi wa plastiki ni sumu. Katani na udongo wa mfinyanzi vinatosha. Vifanywe vibao vinne vya unene mmoja: cha udongo mtupu, cha udongo na mchanga, cha udongo na nyuzi za katani zilizokatwa sentimita mbili mbili na kulazwa zote upande mmoja, na cha udongo na vyote viwili. Juu ya kila kibao zichorwe alama zilizoachana milimita 100, kwa urefu na kwa upana. Vikaushwe kivulini kwa juma moja, kisha vipimwe. Wanafunzi waandike kabla ya kupima ni kibao kipi wanachotazamia kisinyae sawasawa, na kipi kitasinyaa upande mmoja zaidi ya mwingine. Baadaye kila kibao kiegemezwe juu ya matofali mawili na kutundikiwa kikopo kinachotiwa mchanga kidogo kidogo mpaka kibao kivunjike.

Udongo husinyaa kwa kupoteza maji na nailoni husinyaa kwa kupoa, na mwalimu aeleze tofauti hiyo. Lakini swali ni lile lile, na jedwali la matokeo litakuwa na safu mbili, moja ya unyoofu na moja ya nguvu. Mwanafunzi aliyejaza safu hizo kwa mkono wake hatavutwa kirahisi na tarakimu moja kubwa katika hati ya biashara. Siku atakapokuwa mkaguzi wa bandarini, mhandisi wa kiwanda au mnunuzi wa vifaa vya hospitali, akaletewa hati isemayo “kioo asilimia 30”, atauliza kioo hicho kina umbo gani, na hatatia sahihi mpaka ajibiwe.